Mkono Uliompikia Waridi

Wasikilizaji wapendwa, kama sahani iko mbele yenu, malizeni kula kwanza. Ninawaambia mapema, ili kesho mtu asinisimamishe sokoni akaniuliza kwa nini nilimharibia chakula chake. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa hapa mjini Baraka, na habari yake ina harufu. Ina usaha. Ina matapishi. Ina nzi. Tungeweza kuisafisha, maana redio tunajua sana kuosha marehemu. Lakini mwenyewe alikataa.

Jina lake Waridi. Waridi mke wa Yasini, Yasini mwenye boti. Waridi mama ya Yasmina. Waridi mkaushaji wa samaki pale mwaloni, boti zinaposhushia. Amefariki kwa kansa ya titi, na kabla ya kufariki alimwita binti yake karibu na kitanda akamwambia hivi: "Siku batanitangaza ku redio, basiseme niligonjwa kama malaika. Baseme nilinuka."

Basi tunasema. Waridi alinuka.

Nyinyi wa Ubwari mnaotupata kwa mawimbi yanayokatika, nyinyi wa Lusenda, nyinyi wenye pikipiki mlioficha simu ndani ya kofia, sogeeni. Nyumba ya Waridi ilikuwa haijui kumfukuza mtu, na kipindi chake leo hakitamfukuza mtu.

Huyu mama alikuwa na vitu viwili vilivyopigana ndani ya mwili mmoja. Alipenda watu kupita kiasi. Na alikuwa na kinyaa kupita kiasi.

Tuanze na watu. Ukipita kwake saa ya kula, hupiti, unashikwa mkono. Sinia linashuka, bugali unafuka moshi, samaki mukeke amelala juu ya mawese, na umbea unaanza kabla ya bismillahi. Nani ameachwa, nani amerudiwa, boti ya nani imeuzwa kwa siri. Waridi alijua habari za Baraka kabla hazijatokea. Mwenye njaa alikula pale, na mwenye shibe alikula kwa ajili ya kusikiliza.

Sasa kinyaa. Huyo mama aliyelisha mji mzima hakula kwa mtu yeyote. Kwa mtu yeyote, nasema. Alikuwa akiona vitu ambavyo sisi wengine hatuvioni. Unywele kwenye mchuzi. Kucha ya mpishi. Mtoto aliyejifuta kamasi na mkono uleule ukashika kikombe. Akishaona, tumbo linapanda, amemaliza. Kwenye arusi alikuja na kopo lake mwenyewe ndani ya mfuko, kopo la bati lenye kifuniko, lililosuguliwa kwa majivu mpaka likawa kioo. Mdomo mwingine haukuwahi kuligusa. Watoto wa mtaa walimwita Mama Kopo, na yeye aliitika.

Lakini hapa kwetu mnajua mambo yalivyo. Mtu asiyekula kwako, hakuna anayesema ana kinyaa. Watu wanasema anaogopa utamtilia sumu. Kukataa chakula cha mtu hapa Fizi ni kumtukana mbele ya watoto wake. Waridi alisamehewa kwa sababu alichekesha, na kwa sababu nusu ya mji ilikuwa imeshiba kwake.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Dorothée. Dorothée ni Mubembe, mwimbaji wa kwaya ya Kikatoliki, mwanamke mwenye sauti ya kuita boti kutoka katikati ya ziwa. Vichanja vyao vya kukaushia ndagala, dagaa wetu wa ziwani, viligusana pale mwaloni. Waliimbiana, walitukanana, walilindana na mvua. Na hata kwa Dorothée, Waridi hakula. Dorothée alikuwa akimtangaza mbele ya wateja: huyu mama anakula mambo ya watu tu, chakula hataki.

Kisha Casimir, mume wa Dorothée, akafa. Na kwenye matanga ya Casimir, Waridi alifanya jambo ambalo Baraka haikuwahi kuliona. Alikuja bila kopo. Akaketi chini na wafiwa, akanawa, akala bugali na sombe la majani ya muhogo kutoka sahani moja na Dorothée, tonge kwa tonge, mpaka chini ya sahani kukaonekana. Nyumbani alimwambia mumewe kwamba kila tonge aliona vidole vya aliyelisonga, na macho yalimtoka machozi yasiyo ya Casimir. Yasini akamuuliza, sasa kwa nini ulikula. Akamjibu kwamba huwezi kumuacha mwenzako peke yake na kifo na sahani yake pia.

Shikeni hapo, wasikilizaji wapendwa. Waridi alikula nje ya nyumba yake mara moja tu. Mahali pamoja tu. Kwa Dorothée.

Haukupita muda mrefu, akioga, akakuta uvimbe kwenye titi la kushoto. Akaunyamazia. Kwa mwanamke wa kinyaa, mwili wake mwenyewe ndicho kitu alichokuwa na hakika nacho, na sasa ndani ya mwili huo kulikuwa na kitu kigeni, kigumu, kimekaa kama mgeni asiyeaga. Ngozi ikawa kama ganda la chungwa. Chuchu ikaingia ndani. Yeye akaendelea kuanika samaki na kusimulia ya wengine.

Aliyeona kwanza ni Nuru, dada ya Yasini, wifi yake. Tumtendee haki Nuru, maana yuko hai na anatusikiliza. Nuru alimpenda Waridi. Ana moyo na ana mdomo, na mdomo ndio hutangulia. Siku hiyohiyo swali lilikuwa limefika mwaloni: Waridi alikula wapi? Kwa mtu mwingine mngehangaika. Mtu wa kawaida anakula kwa shangazi, kwa jirani, njiani, mtamshika nani? Kwa Waridi jibu lilikuwa tayari. Mji mzima ulijua nyumba moja tu.

Wakasema ni karuho, sumu ile inayotiwa kwenye chakula ikamla mtu polepole. Wakasema mjane hakutaka kufiwa peke yake. Watu waliokula samaki wa Waridi kwa miaka walisema hivyo huku wakipangusa mafuta midomoni.

Nuru akampeleka kwa mtaalamu mmoja wa kutapisha sumu, nje ya mji. Waridi, ambaye hakunywa kwenye glasi iliyooshwa mbele yake, alipewa kibuyu chenye alama za midomo ya watu wengine. Ndani kulikuwa na maji ya majani, ya kijani, mazito, yanayovutika kama kamasi. Akanywa. Akatapika ndani ya beseni mpaka akaona nyongo. Mtaalamu akakunja magoti, akaingiza mkono ndani ya matapishi yale, akakoroga, akakoroga, akatoa kitu cheusi kilichofungwa na unywele. Akasema, hii hapa.

Na Waridi aliona. Aliyeona kila unywele katika kila mchuzi wa Baraka, aliona kitu kile kilikotoka. Hakikutoka tumboni mwake. Kilitoka kwenye mkono wa shati la yule bwana, kikateleza kwenye kiganja, kikaingia ndani ya beseni.

Aliona. Na alinyamaza.

Baadaye alieleza kwa nini. Sumu inatapikwa, inaisha, mtu anarudi kwake kupika. Alitaka sana iwe sumu. Akafunga macho, na alipoyafunga, Dorothée alibaki nje na lawama yote.

Nuru alikitia kile kitu kwenye sashe ya plastiki, pamoja na ute wake, akakitembeza mwaloni. Wasikilizaji wapendwa, ukitaka kutema mate, tema hapa, usingoje kidonda. Matapishi ya mgonjwa yalipita kichanja kwa kichanja kama bidhaa, na watu waliinama kuangalia, wakaita wengine waje. Siku iliyofuata akina mama walihamisha vichanja vyao mbali na cha Dorothée. Hakuna aliyenunua samaki wake. Ndagala zake zilinyeshewa, zikaoza, zikaota funza, na aliyepita pale aliziba pua na kusema, tazama, hata samaki wanamshitaki.

Sauti ile ya kuita boti ikafungwa.

Waridi alirudishwa kwa yule bwana tena na tena. Alitapika, uvimbe ukakua. Alitapika, ngozi ikapasuka. Ndipo Yasmina, binti yake, alipoingia bafuni bila kubisha akamkuta mama yake anabandua kitambaa kilichogandamana na usaha. Harufu ilimpiga akashika ukuta. Hakumuuliza baba yake wala shangazi yake Nuru. Alimpandisha mama yake kwenye pikipiki mpaka hospitalini, na kutoka pale boti mpaka Uvira, na kutoka Uvira wakavuka mpaka wa nchi wakafika Bujumbura, kwenye hospitali ambako daktari alikata kipande kidogo akakipima.

Kansa ya titi. Narudia kwa wanaofungua redio sasa: ilikuwa kansa ya titi. Hapakuwa na sumu. Hakuna mtu aliyemlisha Waridi kitu. Lakini pale mwaloni neno la daktari halikuaminiwa.

Alianzishiwa shimio, dawa zile za kansa zinazoingia kwa mshipa. Anapigwa dawa, anapumzika nyumbani, anarudi kupigwa tena. Aliyemsindikiza mwanzoni alikuwa Nuru, na Nuru alijitahidi. Lakini shimio ilikuwa imemfungulia Waridi kinyaa chote cha ulimwengu. Maji yalikuwa na ladha ya msumari. Mkate ulikuwa na ladha ya msumari. Mdomo ulijaa vidonda. Harufu ya samaki, ile iliyomlea na kumlisha, ilimgeuza matumbo. Mumewe aliporudi kutoka ziwani alilazimika kuoga na limau kabla ya kumsalimia, na bado mgonjwa aligeukia ukuta. Na lile kopo lake, kopo ambalo mdomo mwingine haukuligusa, likawa la kutemea. Alilitazama limejaa mate yenye damu, akacheka, akasema sasa hata yeye halitaki.

Lakini zaidi ya yote, alikinai uongo. Nuru alikuwa akichoma udi, akajipaka manukato, akavuta hewa kwa mdomo, akafungua kidonda na kusema, hakinuki wifi, hakinuki kabisa. Na Waridi aliona shingo ya Nuru inavyomeza, inavyomeza. Mwanamke aliyeishi maisha yake yote akisoma kinyaa kwenye uso wa sahani, angeshindwaje kukisoma kwenye uso wa mtu? Akaacha kula chakula cha Nuru. Akaacha kula cha kila mtu. Daktari akasema wazi: ukiendelea kukonda hivi, hatutaweza kukupa dawa nyingine. Kula, au tunasimamisha.

Nuru akapata kichwa kuuma. Akasema hawezi safari nyingine.

Basi Waridi akarudi Baraka kungoja zamu ijayo, na nyumba ikajaa, kama zamani. Wageni walikuja. Walikaa karibu na mlango, penye upepo. Waridi akaagiza sinia lishushwe, maana mgonjwa au si mgonjwa, huyo ni Waridi. Sinia likashuka. Bugali, mukeke, mawese. Na mkono mmoja haukutoka. Huyu ametoka kula sasa hivi. Huyu amefunga. Huyu tumbo linamsumbua. Sinia lilirudi jikoni kama lilivyotoka, na nzi ndio walioonja.

Waridi aliangalia sinia likiinuliwa. Yasmina anasema hajawahi kuona uso wa mama yake namna ile, hata alipoambiwa ugonjwa. Miaka yote kopo lake lilikuwa limewaambia watu: ninyi ni wachafu. Sasa walimjibu kwa lugha yake.

Siku iliyofuata akamtuma Yasmina mwaloni, kwa Dorothée. Hakumpa maneno. Alimwambia tu, mwambie niko.

Dorothée alikuja mchana, mbele za watu, na kitenge chake cha kazi chenye magamba ya samaki. Akasimama mlangoni. Yasini aliinuka, hakujua amkaribishe au amzuie.

"Nimekuja kuona muntu mi niliua," Dorothée akasema. "Baraka muzima banasema nilikuua. Sasa juu ya nini ukingali unapumua?"

Waridi akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa hajacheka tangu Bujumbura. Kisha akamuuliza lile swali ambalo wote walikuwa wakilijibu kabla hajaliuliza.

"Niko nanuka?"

"Uko nanuka," Dorothée akasema. "Uko nanuka sawa ndagala ya mvua."

Wasikilizaji wa mwaloni mnaijua hiyo harufu. Ndagala zilizonyeshewa zikakaa siku nzima chini ya turubai. Hakuna kitu kibaya zaidi ya hapo, na Dorothée alikuwa na haki ya kukijua.

Akaomba maji ya moto na chumvi. Akakunja mikono. Akabandua kitambaa taratibu, akiloweka, akingoja, akiloweka. Kidonda kilikuwa kimefunguka kama kinywa. Dorothée alifika nusu, akasema, ngoja, akatoka mbio mpaka kwenye mpapai wa nyuma, na wote wakamsikia akitapika. Sauti ile ya kuita boti, hata kutapika kwake kulisikika barabarani. Wageni wakatazamana. Nuru, aliyekuwa amekuja kuona, akasema, si niliwaambia, dhambi yake inamsuta.

Kisha Dorothée akasukutua, akanawa, akarudi, akapiga magoti palepale.

"Ulitapika," Waridi akasema.

"Nilitapika. Na kesho nitatapika tena. Inua mukono."

Na kesho alitapika. Na kesho kutwa. Kila mara alirudi. Waridi alimwambia binti yake kwamba huyu ndiye mtu wa kwanza kumgusa tangu augue, kwa sababu wengine wote waligusa kitambaa.

Lakini kula bado. Siku za kurudi Bujumbura zilikuwa zinakaribia na mama alikuwa mifupa. Akamwambia Dorothée ampikie. Dorothée akakataa. Akakataa kabisa. Kuosha, ndiyo. Kufua matambara, ndiyo. Kupika, hapana.

"Ukifa na bugali yangu mu tumbo," alisema, "batanichoma na nyumba."

Haukuwa mzaha. Sote tunajua haukuwa mzaha. Yasini naye alimwomba mkewe aache hilo. Waridi akalala siku nzima akiwaza, na asubuhi akaomba abebwe na mkeka wake mpaka barazani, upande wa njia, saa ile akina mama wanapopanda kutoka mwaloni na mabeseni kichwani. Akamwambia Dorothée apike hapohapo, nje, jiko mbele ya macho ya watu. Supu ya mukeke, laini, bila pilipili. Na bila chumvi, maana chumvi kwenye vidonda vya mdomo ilikuwa moto mtupu.

Watu wakasimama. Baraka, mtu akisimama, wa pili anasimama kuuliza wa kwanza anatazama nini. Wakajaa. Nuru akaja mbio, akasema wifi usile, wifi utajimaliza.

Dorothée akaketi na bakuli. Akachota kijiko. Na Waridi akamshika kifundo cha mkono kabla hakijafika.

"Ile kitu nyeusi," akasema, na alijikaza sauti ifike njiani, "ilitoka mu mukono ya shati ya ule muntu. Haikutoka mu tumbo yangu. Mi niliona na macho. Nilinyamaza."

Nuru akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tunayoijua hakuna kitu kilichotoka.

Dorothée akamtazama. "Uliona?"

"Niliona."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

Dorothée akaweka bakuli chini. Funza wa ndagala zake alikuwa amewaondoa kwa mikono yake, peke yake, na huyu alikuwa anajua. Kila aliyetema mate mbele ya mlango wake, huyu alikuwa anajua. Akainuka. Akazunguka nyumba, na watu waliona mgongo wake ukipotea, wakasema moyoni, huyo amekwenda, na ana haki. Waridi akabaki na bakuli mbele yake. Hakumwita. Nzi mmoja akashuka kwenye ukingo wa bakuli, akatembea. Mama wa kinyaa akamtazama akitembea, hakumfukuza.

Kutoka kwenye mpapai ikasikika sauti ya mtu anayetapika. Siku hiyo kidonda kilikuwa kimefungwa. Hapakuwa na harufu.

Halafu yakasikika maji.

Dorothée akarudi. Uso umelowa, kanga ya kichwa imelegea. Akaketi. Akamfukuza nzi kwa mkono. Akachota.

"Fungua kinywa," akasema.

Waridi akafungua. Akala. Kijiko cha tatu kikarudi juu, akakitema kwenye kopo, akafungua kinywa tena. Akamaliza bakuli mbele ya Baraka yote, na hakufa.

Wasikilizaji wapendwa, daktari aliendelea na dawa. Dorothée ndiye aliyevuka naye mpakani safari zote zilizobaki. Walikodi chumba karibu na hospitali, wakapika supu ya bila chumvi, na Dorothée, kwa kumsikitikia asile peke yake, naye akala bila chumvi. Akina mama wa mwaloni walianza kidogo kidogo. Mmoja alileta sabuni, mwingine matambara ya kitenge cha zamani yaliyochemshwa. Mmoja alikuja kusimulia tu, na hiyo ilikuwa dawa pia. Ukileta umbea mpya, uliruhusiwa kukaa karibu na kitanda. Yasini alijifunza kufunga kidonda. Naye alitapika, na anasema mpapai ule haujawahi kuzaa vizuri kama mwaka huo.

Nuru aliomba msamaha kwa Yasini, kwa Waridi, na kwa imamu. Kwa Dorothée hakuweza. Alikuwa anapita njia nyingine.

Kidonda kilikauka. Harufu ilikwisha. Waridi alirudi mwaloni, akakaa kwenye kiti kando ya vichanja viwili vilivyogusana tena, akaanza kuuliza habari za watu. Tulimpata kipindi kizuri. Halafu kansa ikarudi, ikashika mapafu, na safari hii daktari alisema ukweli mapema. Waridi alifariki nyumbani kwake, mchana, nyumba ikiwa imejaa. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Aliacha maagizo mawili. La kwanza mmelisikia: tuseme alinuka. La pili lilikuwa kwa Yasini: chakula cha siku ya tatu ya matanga apike Dorothée, na asipike mwingine.

Basi siku ya tatu Dorothée alipika. Samaki, mukeke tu, kitu ambacho kila dini ya hapa kwetu inakula. Masinia yakashuka. Watu walikuwa wengi, mlijaa mpaka barabarani, mliokuwepo mnakumbuka. Na mnakumbuka pia kilichotokea. Mikono haikutoka. Baada ya yote yale! Ukweli mliusikia barazani kwa masikio yenu, na mikono haikutoka. Mtu alitazama saa. Mtu alipangusa viatu. Nzi wakashuka, wakaanza kula kabla yetu, na tuliona bora wao kuliko sisi. Dorothée alisimama mlangoni mwa jiko akiwa na mwiko mkononi, akiangalia masinia, na uso wake ulikuwa ule uso wa Waridi siku ile.

Aliyeinuka ni Nuru. Alipita katikati ya watu, akanawa, akaketi kwenye sinia lililo karibu na Dorothée. Akamega bugali. Akabana na samaki. Akatia mdomoni, akatafuna, na watu wakamtazama koo.

Akameza. Kisha akainua macho, akamtazama Dorothée kwa mara ya kwanza tangu sashe ile.

"Haina chumvi," akasema.

Dorothée akaja, akaonja kwa kidole. Akasimama pale na kidole mdomoni.

"Nilisahau," akasema. "Mukono umezoea kumupikia yeye."

Nuru ndiye aliyelia kwanza. Alilia huku anakula, na aliendelea kula. Mtu akasogea upande wa pili wa sinia. Kisha mwingine. Hakuna aliyeomba chumvi, na hakuna aliyeileta. Masinia yale yalirudi jikoni meupe.

Wasikilizaji wapendwa, pole zetu zimfikie Yasini mumewe, Yasmina binti yake, Nuru wifi yake, na ukoo wote wa Baraka na Ubwari. Pole zimfikie Dorothée, ambaye jina lake halimo katika ukoo huo, na leo tunaliweka. Mungu ampe marehemu nyumba iliyojaa.

Na wewe unayesikiliza, ambaye una mgonjwa nyuma ya pazia na huingii, nakuuliza. Kinyaa kitakushika. Usijidanganye, na usimdanganye yeye, anakuona koo. Toka nje, tafuta mpapai, tapika. Halafu sukutua, urudi ndani. Anasikiliza iwapo maji ya kusukutua yanamwagika, ajue unarudi.